Mwalimu Aliyefiwa na Waingereza Watano

Mwaka 2014, katika majira ya baridi, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, niliingia katika ukumbi wa kanisa pale Minto, kitongoji cha Sydney, kwa sababu moja tu: nje palikuwa na upepo. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Julai. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu kwenye darasa la Kiswahili, na nia yangu ilikuwa kumwacha mlangoni na kurudi saa sita mchana kumchukua. Nilijibanza nyuma, karibu na hita, nikaona jambo nisilolitarajia katika darasa la lugha. Mwanamke mzee, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kanga kiunoni, alikuwa ameketi juu ya blanketi sakafuni, ametulia kama bibi harusi anayesubiri kutolewa ndani, na watoto wanane walikuwa wakimburuta kwa kamba kuelekea jukwaani.

"Vuteni," aliwaambia kwa upole. "Farasi wamekufa. Mbwa hamkuwataka. Mlidhani atavuta nani?"

Mtoto mmoja akalalamika kwa Kiingereza. Mwanamke yule akainua mkono, msafara ukasimama.

"Huyu amesema nini? Huku kwenye barafu sisikii Kiingereza."

"Nimechoka, Mwalimu."

"Naam, sasa nimesikia. Na wao walichoka. Vuteni."

Kisha akaniona. "Wewe mama uliyekumbatia hita, hapa hapana watazamaji. Njoo ushike kamba."

Nilikwenda nikashika. Siku hiyo tulivuta mpaka karibu na jukwaa, na nilipokwenda nyumbani nilikuwa najua kwamba Waingereza watano waliwahi kutembea kwa miguu hadi Ncha ya Kusini ya dunia, wakiburuta mzigo wao wenyewe, na walipofika walikuta bendera ya Mnorwe imeshawatangulia kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Sitaandika Mwalimu alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Waliomuuliza walipewa majibu, na majibu hayakufanana. Sisi sote, Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi, tulimwita Mwalimu, naye aliitikia jina hilo kama mtu anayeitikia jina la ubatizo. Swali ambalo kila mgeni alilazimika kuuliza ni kwa nini mwanamke wa Kiafrika, aliyestaafu kufundisha, anatumia Jumamosi zake kuwasimulia watoto wa Minto habari za wapelelezi wa barafu. Hapo pia alikuwa na majibu mengi. Mhudumu mmoja wa kanisa aliambiwa kwamba alifundishwa hayo na mwalimu wa Kinorwe alipokuwa msichana. Mama mmoja aliambiwa ni ndoto. Mimi aliniambia hivi, mwaka 2016, tukisubiri treni iliyokuwa imeshatuacha:

"Mama, ukimfundisha mtoto habari za kwao kwa Kiswahili, atasema hayo anayajua. Ukimfundisha za shuleni, atasema hayo anayapata kwa Kiingereza. Barafu hana pa kuipata ila kwangu. Atake asitake, ataifuata kwa Kiswahili."

Niseme mapema jambo lililonifanya niandike. Mnamo Machi 2024, Mwalimu alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka angehamia Perth, upande wa pili wa Australia, kwa mwanawe. Kamati ya ukumbi ikaanza kuzungumza habari ya kulifunga darasa. Mwenyekiti wa kamati, Mkenya mwenzangu na mhasibu, alisema hadharani kwamba ni heri lifungwe kuliko liendelee kuwajaza watoto theluji vichwani. Na mimi nililitaka darasa lile. Nililitaka kama mtu anavyotaka shamba alilolilima miaka kumi. Lakini sikumwambia mtu. Niliacha shule katika darasa la tano. Marehemu mume wangu, aliyefariki tarehe 11 Machi 2012, na ambaye katika miaka yake yote ya kazi ghalani hakuchelewa hata siku moja, ndiye aliyenisomea kila kilichoandikwa kwa Kiingereza. Baada yake sikumwomba mtu mwingine. Sina tabia ya kuomba.

Mwalimu aliijua tabia hiyo, na hakuisifu wala kuikemea. Mwezi Februari 2015 alipita nyumbani kwangu akasema anakwenda Campbelltown kuulizia shule ya watu wazima, na kwamba anaogopa kwenda peke yake. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza nyoka ukumbini kwa fagio. Nilimsindikiza. Tulipofika aliketi kwenye kiti cha mapokezi, akafumba macho, akasema, "Uliza wewe, mimi miguu inauma." Nikauliza. Waliponiuliza jina, nikalitaja. Nilihitimu mwaka wa mwisho wa sekondari mwezi Desemba 2019, nikiwa na miaka hamsini na minane, na Mwalimu alihudhuria akiwa na sweta mbili katika joto la kuyeyusha lami.

Kwa maana Mwalimu aliogopa baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Hili wageni hawakuliamini. Alijua unene wa barafu ya kusini, alijua jinsi jasho linavyoganda ndani ya mfuko wa kulalia, lakini hakuthubutu kufungua friza bila glavu. Maji ya bomba aliyachanganya na ya birika. Kuanzia mwezi wa Mei alitembea na chupa ya mpira yenye maji ya moto, ameifunga tumboni kwa kanga, na watoto wapya walidhani ni mjamzito. Mara moja familia fulani ilimwalika kwenda nao milimani kuona theluji halisi, safari ya saa chache kwa gari.

"Nikafanye nini huko?" aliwauliza.

"Uione, Mwalimu. Umeifundisha miaka yote."

"Mchungaji wenu anafundisha habari za jehanamu. Mlishamwalika akaione?"

Kwa mbwa ilikuwa vivyo hivyo. Alivuka barabara akimwona mbwa wa jirani, kimbwa chenyewe hakifiki hata kwenye goti. Lakini alipofika kwenye habari za mbwa wa wasafiri, wale waliovuta mizigo hadi mwisho kisha wakachinjwa wakawa chakula cha wenzao, ilimbidi asimame na kutazama dirishani. Na alikuwa mtetezi mkubwa wa Mnorwe yule kwa sababu ya maandalizi yake. "Alipanga bendera kulia na kushoto ya kila ghala la chakula," alisema, "ili hata akipotea njia, bendera imwone." Aliyasema hayo akitafuta funguo za ukumbi, ambazo hazikuwahi kuwa mahali zilipowekwa. Treni za Minto zilimwacha kwa zamu. Mgeni akija kwake bila taarifa hakukuta maziwa, na akija kwa taarifa hakumkuta Mwalimu.

Alikuwa na misemo yake, na hakujali ikigombana. Mtoto akikata tamaa, alimwambia: "Aliyefika wa pili naye alifika." Mtoto akijivuna, alimwambia: "Aliyerudi ndiye aliyefika." Siku moja nilimkabili.

"Mwalimu, maneno haya mawili hayapikiki chungu kimoja. Waingereza walifika wa pili, na hawakurudi. Sasa walifika au hawakufika?"

"Ndiyo maana nina vyungu viwili," alinijibu, akaendelea kukunja blanketi.

Kila mwaka alitenga Jumamosi moja kwa wanawake wa kaskazini ya mbali, watu wa theluji, ambao Mnorwe aliishi katikati yao miezi mingi kabla hajafikiria kwenda kusini. Walishona mavazi ya ngozi kwa sindano ya mfupa, na ngozi ngumu waliilainisha kwa meno yao. Waingereza walivaa vitambaa vya dukani. "Vitabu vinawakumbuka waliovaa," Mwalimu alisema. "Mimi nawafundisheni walioshona." Siku hiyo wavulana na wasichana walishona, na aliyejichoma kidole alitakiwa kulalamika kwa Kiswahili sanifu.

Lakini katika Jumamosi zote, iliyonikaa zaidi haikuwa ya ukumbini. Ilikuwa tarehe 20 Mei 2017. Tulipanda treni hadi bandarini katikati ya jiji, kisha basi, hadi kwenye ghuba ndogo upande wa mashariki wenye nyumba za matajiri. Mwalimu alikuwa amevaa kana kwamba tunakwenda barafuni kweli: kofia, skafu, chupa yake tumboni. Tuliketi kwenye nyasi, naye akatuambia kwamba mahali hapo, mwaka 1911, Wajapani walipiga kambi. Walikuwa wamekwenda kusini, wakachelewa, barafu ikawafungia njia, wakarudi Sydney kungoja majira mengine. Walijenga kibanda chao kwenye uwanja wa tajiri mmoja aliyewaruhusu. Majirani waliwatilia shaka. Magazeti mengine yaliwacheka, mengine yakasema ni wapelelezi wa vita. Kisha profesa mmoja wa chuo kikuu, mtu wa elimu ya miamba, akaja kuwatembelea, akaona ramani zao na vyombo vyao, akasema hawa ni wenzangu. Walipoondoka, mwezi wa Novemba, kiongozi wao alimpa profesa yule upanga wake mwenyewe.

"Walifika Ncha ya Kusini?" aliuliza mjukuu wangu.

"Hawakufika. Walikwenda walipoweza, wakasimika bendera, wakarudi nyumbani wote."

"Wote?"

"Watu wote. Mbwa wengi, hapana." Akatazama baharini kidogo.

Mwanamke mmoja mkazi wa pale, Mzungu mwenye kofia ya jua, alisimama karibu nasi kwa muda, kisha akauliza kwa Kiingereza kama tumepotea. Mwalimu akamtazama kwa heshima yote.

"Mwambieni hatukupotea," aliwaambia watoto. "Mwambieni tumekuja kuwasalimia majirani zake wa zamani."

Hapo lilitokea jambo. Watoto wetu, ambao majumbani mwao huulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, waligombania kutafsiri. Mwalimu alisimulia upya tangu mwanzo, sentensi moja moja, na kila sentensi ilirukiwa na watoto watatu. Mwanamke yule aliketi kwenye nyasi. Alikuwa ameishi pale miaka mingi na hakuwahi kusikia habari za kibanda kile. Alipoondoka alimshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili, na Mwalimu akasema kwa Kiswahili, bila kutafsiriwa, "Mikono yako ya moto, mama. Nikopeshe." Tulicheka njia nzima.

Sasa nije kwenye mwaka 2024, mwaka wa matanga.

Kila majira ya baridi Mwalimu alifundisha kifo cha Waingereza watano, na kila mwaka alilia kidogo, kistaarabu, kwa pindo la kanga. Jumamosi ya tarehe 24 Agosti alilifundisha somo hilo kwa mara ya mwisho. Mmoja alianguka akafa njiani, chini ya mlima wa barafu. Mwingine, miguu ikiwa imeharibika kwa baridi, alitoka hemani akaingia katika dhoruba ili asiwacheleweshe wenzake. Watatu walibaki hemani, dhoruba ikiwazuia, na ghala la chakula likiwa maili kumi na moja tu mbele yao. Mimi siku hiyo sikuwapo. Nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi.

Darasani alikuwemo Neema, mtoto wa miaka saba, mgeni wa muhula ule. Mama yake, Mama Neema, alitoka mashariki ya Kongo na ni mwanamke ambaye ukimwambia una mafua anakuletea mchuzi. Neema alifika nyumbani akamwambia mama yake: "Watu wa Mwalimu wamekufa. Wote watano. Walikuwa kwenye hema, baridi ikawaua. Mwalimu alilia." Kila neno lilikuwa kweli. Mama Neema hakuhoji. Kwetu sote, kwa Wakongo na kwa Wakenya, msiba hauhojiwi, mtu hubeba sufuria akaenda. Usiku haujaingia, kundi letu la simu lilikuwa na ujumbe: Mwalimu amefiwa na watu watano, kesho baada ya ibada tukutane kwake.

Niliusoma Jumapili asubuhi. Ujumbe haukutaja barafu wala Uingereza, nami nilifikiri ni ajali ya gari, kule nyumbani. Sikupiga simu. Nani humpigia mfiwa simu kumuuliza aliyekufa ni nani? Nilikaanga mandazi, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda.

Nilikuta wanaume wameshapanga viti vya plastiki kwenye njia ya gari. Ndani, wanawake wamekaa chini kwenye zulia, miguu wameinyoosha, vitenge vichwani. Jikoni kulikuwa na wali, maharagwe, na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, ya Mama Neema. Katikati yao, juu ya godoro walilolitoa chumbani, alikuwa Mwalimu, ameegemezwa kwenye mito, chupa yake mapajani, uso umemshuka. Nilipiga magoti nikamkumbatia. Alinivuta sikio.

"Afadhali umekuja wewe," alinong'ona. "Niambie. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Aliyekufa. Wameingia hapa tangu saa sita, wananipa pole, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunitajia. Nimempigia mwanangu, yu hai. Nimempigia dada yangu, yu hai na amenikasirikia kwa kumwamsha. Ni nani?"

"Mwalimu, mimi nimekuja kukuuliza wewe."

Tulitazamana. Mama Neema, aliyekuwa ameketi miguuni pa godoro akimkanda Mwalimu nyayo, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Batu batano kwa mara moja, mama," alisema. "Mungu anajua. Balifia fasi gani?" Katika Kiswahili cha kwao, watu ni batu, na fasi ni mahali.

"Watano?" akauliza Mwalimu.

"Neema alisema kwa hema. Kwa baridi."

Mwalimu akamtafuta Neema kwa macho, akamwona kwenye kona na andazi mkononi. Nikaona fahamu ikimrudia usoni polepole, kama maji yanavyopanda kisimani. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliiweka chupa kando, akaketi wima, akapanga kanga yake vizuri.

"Ni kweli," alisema. "Wamekufa. Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa na kumi na mbili."

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, ameingia kutafuta maji ya kunywa. "Mwaka gani?"

"Kumi na mbili. Wa mwisho walikufa mwezi wa Machi."

Mama Neema hakuacha kukanda nyayo. Alifikiri.

"Na nani alikaa matanga yao?"

"Kwao walifanyiwa ibada kubwa kanisani," akajibu Mwalimu. "Lakini matanga haya, ya kukaa chini na kula na kuulizana, sijasikia. Miili yao mpaka leo iko ndani ya barafu."

"Basi," alisema Mama Neema, akainuka akijishika kiuno, "wali umeiva."

Na tukakaa matanga. Naandika hili kwa fahari. Wanawake waliuliza, mmoja baada ya mmoja, yale yanayoulizwa: aliacha mke? Baliacha bana? Mama yake alikuwa hai? Mwalimu alijibu kila swali. Mmoja aliacha mtoto mdogo wa kiume. Mmoja alikuwa daktari aliyechora ndege kwa rangi. Mmoja mama yake hakuwahi kumsamehe kiongozi wa safari. Watoto walisikiliza jinsi mama zao wanavyolia kwa maneno, jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kulisikia Australia. Ilipofikiwa habari ya mawe, kilio kilikatika.

"Mawe?" aliuliza Mama Neema.

"Kwenye gari lao la barafu walikutwa na mawe. Walikuwa wamedhoofika, lakini hawakuyatupa."

"Banakufa, na banabeba mawe."

"Ndiyo."

"Banaume," alisema Mama Neema, na matanga yote yakaangua kicheko, mpaka wanaume wakachungulia kutoka nje. Mwalimu akangoja kicheko kiishe, akaeleza kwamba mawe yale yalikuwa na alama za majani ya kale, na kwamba kwa mawe hayo dunia iliamini kuwa nchi ile ya barafu iliwahi kuwa na miti. Mama Neema akakubali kwamba kwa hapo walikuwa na akili.

Mwenyekiti hakuvumilia zaidi. "Mwalimu, kwa heshima zote. Tumeacha shughuli zetu, tumekuja kuwalilia Wazungu wa mwaka kumi na mbili?"

"Mwenyekiti," alisema Mama Neema, "umekula?"

"Nimekula."

"Umekula matanga. Basi na wewe umefiwa."

Mwenyekiti aliitazama sahani yake tupu. Lakini mhasibu ni mhasibu. Matanga yakianza huondolewa, hilo anajua kila mtu, na siku ya kuondoa huulizwa marehemu wameacha nini na nani anabaki nacho. Wanawake walipanga Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba, ukumbini. "Vizuri sana," alisema Mwenyekiti. "Siku hiyo hiyo kamati itaamua habari ya darasa. Tusikutane mara mbili." Kila mtu alielewa.

Katika majuma yaliyofuata nilimtembelea Mwalimu mara nyingi. Tulizungumza mambo yote isipokuwa hilo. Nilitumaini atanitaja, na najua alijua. Jioni moja nikiwa naaga, aliniambia bila kunitazama, "Mnorwe hakualikwa Ncha ya Kusini." Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani.

Tarehe 5 Oktoba ilikuwa siku ya jua, katika majira ya machipuko ya huku. Wanawake waliufagia ukumbi kuanzia jukwaani hadi mlangoni, kama inavyofagiwa nyumba ya msiba. Mchungaji aliomba. Kisha Mama Neema akasimama katikati.

"Marehemu bameacha nini?"

"Mawe!" walisema watoto, na watu wakacheka.

"Wameacha darasa," alisema Mwalimu kutoka kwenye kiti chake.

"Na nani anabaki nalo?"

Watu wote walimtazama Mwalimu. Mimi pia.

"Mfiwa hateui mrithi," alisema. "Mrithi ana mdomo."

Mwenyekiti alisimama kwanza. Sikubaliani naye, lakini alisema kweli yake vizuri. Alisema binti yake anaweza kutaja ghuba na milima ya barafu, lakini hajui jina la kilima alipozikwa babu yake. Alisema watu wasio na kwao hawawezi kuazima kwao kutoka kwa Wanorwe. Maneno hayo yaliwagusa watu, na mimi yalinigusa. Akapendekeza darasa lifungwe kwa heshima, Mwalimu apewe shukrani.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na tangu Machi 2012 sikuwa nimemwomba mtu kitu chochote.

"Nalitaka mimi," nilisema. "Naliomba."

Mwalimu, rafiki yangu wa miaka kumi, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Nina pingamizi," alisema. "Mama huyu anawapenda mno Waingereza. Mnorwe hamwezi. Hajamsamehe habari ya mbwa."

"Si kweli," nilisema, ingawa ni kweli.

"Utamfundisha Mnorwe?"

"Nitamfundisha."

"Kwa moyo mmoja?"

"Kwa nusu. Nusu nyingine itakuwa inawatazama mbwa."

"Hapo sawa," alisema Mwalimu, akashusha mkono. "Pingamizi nimeliondoa."

Nikamgeukia Mwenyekiti. Nilimwambia hoja yake ni ya haki, na kwamba kila mwaka muhula mmoja mzima utakuwa wa habari za kwetu. Lakini kilima cha baba yake mimi sikijui. "Utakuja kukifundisha wewe, Jumamosi, saa nne. Na huku mbele hatuongei Kiingereza."

"Mimi? Mama, mimi Kiswahili changu, honestly..."

"Tutakusahihisha," walisema watoto wawili kwa pamoja, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwenyekiti alijikuna shingo. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amejificha nyuma ya mwenzake kwa aibu na furaha.

"Haya," alisema. "Nitakuja."

Kamati ikapiga kura kwa mikono. Wanne walikubali, akiwemo Mwenyekiti, na hakuna aliyekataa. Katibu akaandika jina langu kamili, nami nikamtajia herufi moja moja, ili lisikosewe. Mama Neema akapiga makofi mara moja, akatangaza kwamba matanga yameondoka, kila mtu avue kitambaa cha msiba na ale.

Nilijaza sahani nikaketi karibu na Mwalimu. Alikuwa anakula sombe kwa bidii, amevua sweta moja. Kutoka upande wa jukwaa, ambako watoto walikuwa wameanza kuburutana kwenye blanketi, sauti ya Neema ikaita, "Mwalimu! Mwalimu, wananionea!"

Tuligeuka wote wawili. Yeye akanitazama, kisha akarudi kwenye sahani yake.